Faksi ya seva ya ofisi imegoma? Anzia ukutani, seva iache kwanza

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya ofisi ndogondogo za huku kusini, Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi mpaka Kilwa, ambazo bado zina faksi iliyofungwa kwenye seva. Sizungumzii ile mashine ya faksi yenye karatasi, nazungumzia modemu ya faksi iliyochomekwa kwenye kompyuta moja inayowaka muda wote na wafanyakazi wanatuma kutoka kwenye mashine zao. Najua kuna watakaocheka kwamba nani anatumia faksi zama hizi, sawa, ila kuna ofisi bado zina mteja mmoja au wawili ambao hawapokei karatasi yenye saini bila faksi, na mteja huyo ndo anayelipa pango la ofisi.

Malalamiko ni yaleyale kila mwaka na yanaongezeka mvua zikianza. Na karibu kila ofisi ukiingia unakuta watu washafanya makubwa, wametoa programu wakaweka upya, mwingine kafomati seva kabisa, wakati hakuna hata mmoja aliyechomoa waya wa simu akausikiliza. Mchawi anatafutwa kwenye seva kumbe kakaa ukutani. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huo, laini kwanza, halafu waya, halafu modemu, seva ya mwisho kabisa, na ukiruka hatua utarudi tu.

Sikiliza laini kabla ya kugusa kitu

Tafuta simu ya mezani ya kizamani, ile ya waya isiyotaka chaja, inayojiendesha kwa umeme unaokuja na laini yenyewe. Kila fundi awe nayo moja kwenye begi. Chomoa waya nyuma ya modemu, chomeka kwenye hiyo simu, nyanyua usikilize. Mlio mmoja safi usiokatika maana yake laini iko hai. Kimya maana yake hata ufanye nini kwenye seva hamna kitu kitaenda, maliza na laini kwanza. Na kuna hali ya katikati ambayo ndo inawachanganya wengi, mlio upo lakini nyuma yake kuna kukwaruza. Ili usikie vizuri bonyeza namba moja yoyote, ule mlio unakata na unabaki ukimya wa laini, sasa kwenye huo ukimya kama kuna kukaangakaanga, mvumo au redio inaimba kwa mbali, jua laini ni mbovu hata kama watu wanaongea nayo vizuri tu. Binadamu anavumilia kelele, faksi haivumilii.

Pia uliza hiyo laini ni ya aina gani, maana siku hizi kinachoitwa simu ya mezani kinaweza kuwa waya wa shaba, kinaweza kuwa kisanduku cha faiba, au kinaweza kuwa kidude chenye laini ya simu ya mkononi ndani yake. Jibu la swali hili litakuokolea siku nzima, utaona huko chini.

Modemu inasema NO DIALTONE

Hapa kinachoongoza ni waya kuchomekwa tundu lisilo lake. Modemu nyingi za nje zina matundu mawili yanayofanana, moja la laini na jingine la simu, mtu anafanya usafi anachomoa anarudisha kinyume. Angalia alama, la laini ndo linaenda ukutani. Baada ya hapo shuku waya wenyewe, umekatika kwa ndani pale unapopita chini ya mguu wa meza, au kile kiklipu cha plastiki kimevunjika kichwa kinachomoka kidogokidogo. Usiungeunge, weka mpya. Halafu pita vyumbani uone kama kuna eksitensheni imenyanyuliwa haikurudishwa vizuri, inatokea sana ofisi zenye simu mbili tatu kwenye laini moja.

Kinachofuata ni soketi ya ukutani na hii ndo ya kwetu hasa. Ofisi zilizo karibu na bahari, Shangani kwa mfano, au Lindi mjini ukishuka kuelekea ufukweni, upepo unaleta chumvi mwaka mzima na shaba haipendi chumvi. Fungua kifuniko cha soketi kwa bisibisi, utaona skrubu mbili zimebana nyaya mbili nyembamba, na kama zimeota kijani au zina unga mweupe umeshapata jibu. Legeza, kata ncha iliyooza, menya upya kama sentimita moja, sugua skrubu kwa mswaki wa zamani wenye spiriti, acha ikauke, kaza. Vile vijiwaya vya rangi ya dhahabu ndani ya tundu navyo vipitishie mswaki, taratibu visipinde, kikipinda kimoja soketi yote ni ya kutupa.

Tahadhari hapa. Laini ya shaba ikiwa imetulia ina kama volti 48, ila simu ikiingia inaweza kufika volti 90 za AC na hiyo inakurusha mkono. Usimenye waya kwa meno, usishike ukiwa na mikono imelowa, na kama kuna wingu la radi hata kwa mbali funga kifuniko uende zako. Na mwisho wako ni hiyo soketi. Kisanduku cha nje ya ukuta na cha kwenye nguzo ni mali ya kampuni ya simu, usikifungue, kama mlio haupo mpaka hapo wapigie wao.

Sasa kama simu ya mezani inasikia mlio vizuri lakini modemu inang'ang'ania kuwa hamna, mara nyingi ni ofisi yenye swichibodi, yaani mtambo wa simu za ndani. Mlio wa swichibodi za ndani haufanani na ule wa laini ya nje na modemu hautambui. Hata ujumbe wa sauti ukiwepo ambao haujasikilizwa, baadhi ya laini zinatoa mlio wa kukatikakatika na modemu inakataa. Dawa ni amri ya ATX3, inaiambia modemu ipige bila kusubiri mlio, iweke kwenye amri za kuanzishia modemu ili isisahau ikizimwa. Na kama kutoka nje unapiga 9 kwanza, weka mkato baada ya hiyo 9, kila mkato ni kusubiri sekunde mbili hivi, kwa hiyo unaandika 9,022 kisha namba iliyobaki kama unatuma Dar.

Seva haioni modemu kabisa

Umeme umekatika, umerudi, seva imewaka, faksi haipo. Kabla ya lolote angalia taa za modemu. Modemu ya nje yenye adapta yake inaweza kuwa imezimwa tu, au adapta imekufa, na adapta ndo inakufa kwanza kwa huu umeme wetu wa kuruka. Chomoa adapta kabisa uhesabu mpaka thelathini, chomeka, subiri, afu ndo uwashe seva. Modemu zikipigwa na umeme wa kukatika na kurudi haraka zinaganda, na kuristati seva peke yake hakuziamshi kwa sababu modemu yenyewe haijazimika.

Modemu za USB zina ugonjwa wao. Kwenye Linux jana ilikuwa /dev/ttyACM0, leo imeamka ikiwa /dev/ttyACM1, na programu ya faksi inaendelea kugonga mlango wa jana. Andika ls -l /dev/serial/by-id utaona jina lisilobadilika la modemu yako, tumia hilo kutengeneza jina la kudumu na matatizo yanaisha. Windows nako ni hivyohivyo, ukihamisha USB kutoka tundu moja kwenda jingine namba ya COM inabadilika, kwa hiyo ukishapata tundu linalofanya kazi bandika karatasi yenye maandishi makubwa watu wasichomeke flash hapo.

Kama amri ya dmesg, inayoonyesha vifaa seva ilivyoviona, inaonyesha modemu imeonekana ila programu inasema poti ina mtu, kuna wawili wanagombania. Kwenye Linux mpya mshukiwa namba moja ni ModemManager, huyu akiona modemu yoyote anaiparamia akidhani ni ya intaneti. Kama seva haitumii modemu za intaneti mzime moja kwa moja. Mshukiwa wa pili ni faili la kufuli lililobaki baada ya umeme kukatika, linakaa /var/lock na jina linaanza na LCK, hakikisha hamna programu inayotumia poti ndo ulifute. Wa tatu ni ruhusa, mtumiaji anayeendesha faksi hayumo kwenye kundi la dialout au uucp.

Ukishasimamisha huduma ya faksi fungua minicom, au PuTTY kama ni Windows, hizi ni programu za kuongea na modemu moja kwa moja, andika AT ubonyeze enta. Modemu nzima inajibu OK. Halafu andika AT+FCLASS=? uangalie jibu. Ukipata namba kama 0,1,2 au 0,1,2.0 hiyo ni modemu ya faksi. Ukipata 0 peke yake haitatuma faksi mpaka mwisho wa dunia, na nasema hivi kwa sababu kuna watu wameuziwa modemu ya intaneti, ile ya kuweka laini ya simu, wakaambiwa itafanya na faksi. Hapana. Pia zile kadi za ndani za bei rahisi ambazo kazi yote inafanywa na dreva ya Windows, ukizihamishia kwenye seva ya Linux nyingi ni kimeo, usipoteze usiku wako, tafuta ya nje.

Inapiga, inapokelewa, zinaliliana, afu inakata

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo inayomaliza watu. Logi inasema NO CARRIER, au inalalamika mafunzo ya spidi yameshindikana, yaani faksi mbili hazijakubaliana kasi, au inasema upande wa pili haujajibu.

Anza na kitu cha kijinga, ile namba ni ya faksi kweli? Ipige kwa simu ya kawaida. Upande wa pili ukiwa faksi utasikia mlio mrefu mwembamba, wa hezi 2100 hivi, halafu makelele. Ukisikia "haloo" mwombe msamaha na umuulize namba sahihi. Kama ni nje ya nchi angalia pia kama mmeandika alama ya + mwanzoni, swichibodi na modemu nyingi hazijui + ni nini, kwenye laini ya mezani unaanza na 000 halafu kodi ya nchi, kwa India ni 00091 na Vietnam ni 00084. Na simu za mbali zinachelewa kuunganika, modemu inachoka kusubiri inakata kabla mwenzie hajaongea, hapo ongeza muda kwa ATS7=90.

Namba ikiwa sahihi sasa rudi kwenye lile swali la aina ya laini.

Kama ni kidude chenye laini ya simu ya mkononi, inaishia hapa. Kinatoa mlio, kinapiga, kinaunganika, kila kitu kinaonekana sawa na ndo maana kinadanganya. Sauti ya kawaida ya GSM inabanwa mpaka kama kilobiti 13 kwa sekunde wakati laini ya waya inapewa 64, na kubana kwenyewe kumetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, sio milio ya modemu. Ni kama kumtuma mtoto ujumbe mrefu, atafika na maana ila maneno yenyewe hatakuwa nayo, na faksi inataka maneno yenyewe. Hamna setingi ya kurekebisha hilo. Nimeona watu wamenunua modemu ya pili na ya tatu kwa tatizo hili, hela ya hizo modemu ingetosha kuombea laini ya waya au kulipia huduma ya faksi ya kwenye intaneti.

Kama ni faiba au simu ya intaneti, kuna matumaini. Sauti inasafiri kwa vipande, kipande kikipotea mtu hasikii tofauti ila faksi inaanguka. Waulize wanaokuuzia huduma maswali mawili tu, je, mnatumia T.38, na kama hamtumii, je, laini yangu iko kwenye G.711, yaani sauti isiyobanwa, au mmeibana kwa G.729. T.38 ni njia iliyotengenezwa maalumu kwa faksi kupita kwenye intaneti na ikiwepo pande zote kazi inaenda. G.711 bila T.38 itaenda siku mtandao umetulia. G.729 sahau. Ukipiga simu huduma kwa wateja ukauliza hivi wa kwanza hatakuelewa, omba upelekwe kwa fundi.

Kama ni shaba, basi ni kelele au spidi. Angalia kwanza kama laini hiyohiyo ina intaneti ya ADSL, na kama kuna filta kati ya ukuta na modemu ya faksi, bila filta hamna faksi, na filta nazo zinakufa. Baada ya hapo shusha spidi. Faksi mbili zikikutana zinajaribu kasi kubwa kwanza, 14400, zikishindwa zinashuka 12000, 9600, 7200, mpaka 4800 na 2400, ila kwenye laini mbovu zinaweza kumaliza uvumilivu kabla hazijafika chini. Ukizilazimisha zianze 9600 moja kwa moja unaongeza muda kidogo kwa kila ukurasa na unapata faksi inayofika, mi kwa laini za Masasi na Newala naanzia hapo hata bila kuulizwa. Ile spidi ya 33600 ya faksi mpya izime kabisa.

Laini iko safi na bado? Sasa ndo uingie kwenye seva. Faksi za Class 1 zinaacha kazi ya kuhesabu muda kwa kompyuta, modemu inatoa tu milio, na muda wenyewe ni wa sehemu ndogo za sekunde. Seva ikiwa imelemewa, inafanya bakapu, ina antivairasi inaskani diski, au ni mashine ya kufikirika (virtual machine) iliyowekwa juu ya seva nyingine na USB imepitishwa humo, inachelewa kujibu na mwenzie anakata. Badili aina ya modemu kwenye setingi iwe Class 2.0 au 2 kama ile AT+FCLASS=? ilionyesha unazo, hizo modemu yenyewe ndo inahesabu. Kuna modemu ambazo Class 2 yao ni mbovu na 1 yao ni nzuri, kwa hiyo jaribu zote, kwa namba ileile na ukurasa uleule, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha vitatu pamoja ikakubali hutajua kilichosaidia.

Ukurasa wa kwanza unafika, wa tatu unaishia njiani

Mara nyingi kuna mtu kanyanyua simu ya chumba kingine, au laini ina huduma ya kukujulisha kuna mpigaji mwingine, ile bipu moja tu inakata faksi. Omba kampuni ya simu waiondoe hiyo huduma kwenye laini ya faksi, na simu za ziada kwenye laini hiyo zitoe zote.

Halafu angalia mnachotuma. Watu wanaskani kwa rangi, wanaweka na picha ya jengo na muhuri wa bluu, afu wanataka iende. Faksi ni nyeusi na nyeupe, ubora wa kawaida ni nukta 204 kwa 98 kwa inchi na ule mzuri ni 204 kwa 196, ukiskani zaidi ya hapo unajichosha. Kivuli cha kijivu kinageuka mamilioni ya nukta ndogondogo, na ukurasa uliotakiwa kwenda chini ya dakika unakaa kwenye laini dakika kadhaa, na kwenye laini yenye kelele kila dakika ni nafasi ya kuanguka. Skani kwa nyeusi na nyeupe, ongeza mwanga mpaka karatasi iwe nyeupe kweli.

Kama ukurasa unafika ila una mistari iliyonyooka mlalo au sehemu zimebanana, ni kelele na marekebisho ya makosa, yaani ECM, yamezimwa upande mmoja. ECM ikiwaka kipande kilichoharibika kinatumwa tena. Kuna mafundi wanapenda kuizima ili faksi "zipite", na kweli zinapita, ila kwa hati ya mzigo wenye uzito na bei ni bora ishindikane ukajua kuliko ifike 3 ikisomeka 8. Iache iwake, tengeneza laini.

Na kama ukurasa unakatwa palepale kila mara hata kwa namba tofauti, angalia mtiririko wa data kati ya seva na modemu, unatakiwa uwe wa RTS/CTS, na kwa modemu za siriali hakikisha waya ni kamili, kuna nyaya za bei chee zina pini tatu tu ndani.

Inatuma vizuri ila haipokei

Piga namba yenu kwa simu ya mkononi ukiwa umekaa mbele ya modemu. Ikiita bila modemu kupokea, angalia kwenye programu kama kupokea kumewashwa, Windows ikiwekwa upya huwa inarudi kwenye kutopokea yenyewe, na kwenye HylaFAX, programu ya seva ya faksi ya Linux, angalia RingsBeforeAnswer (idadi ya milio kabla ya kupokea) isiwe 0 na kwamba faxgetty, ile inayopokea simu, inaendesha. Ikiwa kuna sekretari anapokea simu mlio wa kwanza, modemu haitapata nafasi, ama laini iwe ya faksi peke yake ama mkubaliane.

Kama modemu haioni kabisa kwamba simu inaita, hesabu simu zilizoko kwenye hiyo laini. Kila simu inakula nguvu ya mlio wa kuitia, zikizidi modemu inapata kidogo mno. Kwenye swichibodi muulize aliyeifunga simu za faksi zinapelekwa wapi, mara nyingi zinaenda kwa opareta.

Na ikipokea, ikamaliza, faksi isionekane? Diski imejaa. Andika df -h. Ikionyesha nafasi ipo andika df -i, vifaili vidogovidogo vya miaka vinaweza kumaliza nafasi ya majina ya mafaili wakati diski bado ina gigabaiti za kumwaga.

Faksi zimelala foleni

Kwa HylaFAX anza na faxstat -s. Ikisema inasubiri modemu iwe tayari, rudi sehemu ya seva kutoiona modemu. Huduma ikiwa imekufa iwashe, na hakikisha inajiwasha yenyewe seva ikiamka.

Kingine ambacho hakuna anayekifikiria ni saa. Betri ya CR2032 kwenye ubao wa seva ikiisha, kila umeme ukikatika seva inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma, na faksi zilizopangiwa saa zinasubiri muda ambao kwa hesabu ya seva haujafika. Andika date uone. Betri yenyewe inauzwa hata maduka ya saa.

Zikigoma za PDF tu na za maandishi ya kawaida zinaenda, tatizo ni kugeuza faili, jaribu kuchapa hiyo PDF upya kuwa PDF nyingine uitume tena.

Baada ya radi

Mvua za huku zinakuja na radi kuanzia Desemba mpaka Aprili, na modemu zinakufa msimu huo. UPS mmenunua, sawa, ila inalinda upande wa umeme, radi inaingia kwa waya wa simu unaotoka nguzo mpaka nguzo. Dalili yake ni hii, modemu inawaka taa, inajibu OK kwa AT, inaonekana kwenye seva, ila kila ukiituma inasema hamna mlio wakati simu ya kawaida kwenye waya huohuo inasikia mlio. Sehemu inayoshika laini imeungua, haitengenezeki kwa gharama ya maana, weka nyingine. Wingu likitanda chomoa waya wa simu ukutani, sio nyuma ya modemu, ukutani. Kuna vilinzi vya laini ya simu vinauzwa, vinasaidia kama soketi ya umeme ina ethi ya kweli, na majengo mengi ya zamani hayana, kwa hiyo kabla ya kununua mwite fundi umeme aipime.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona soketi imebadilika rangi, ukigusa bati la seva likakutetemesha, acha papo hapo. Zima kwenye meni swichi, mwite fundi umeme mwenye leseni, usichomoe kwanza ukiwa umeshika bati. Poti ya siriali au ubao wa seva ukiwa umeguswa na radi pia peleka kwa fundi, na chukua nakala ya data kabla hujaiwasha mara nyingi.

Kwa kuwa modemu za faksi za nje huku madukani ni za kutafuta kwa tochi, nyingi zinaagizwa Dar zinakuja na basi, ofisi inayotegemea faksi iwe na ya akiba kabatini, imeshajaribiwa.

Faksi inafika ila mstari wa juu una jina la ofisi nyingine

Hili ni dogo ila linakera, modemu imenunuliwa mtumba au seva imerithiwa, na kila ukurasa unatoka na namba ya wenyewe wa zamani, kuna wapokeaji wanakataa faksi wasiyoitambua. Kwenye HylaFAX badilisha FAXNumber na LocalIdentifier, kwenye Windows ni TSID ya kutuma na CSID ya kupokea, wengi wanabadili moja wanasahau nyingine. Weka namba kamili, +255 23 na namba yenu, jumla isizidi herufi 20, afu tumeni ukurasa mmoja wa majaribio kwa ofisi ya jirani muangalie ulivyotoka kabla hamjamtumia mteja.